Waliomlilia Bi Tulizo

Siku binti yake alipoulizwa lile swali kwenye televisheni, Mama Sare alikuwa amebakiza kola nne. Kibanda chake cha ushonaji kilikuwa kimebanwa kati ya duka la dawa na duka la vifaa vya shule, na kwa kuwa shule zilikaribia kufunguliwa, kilijaa wanawake waliokuja kuulizia sare za watoto wao. Waliposikia kwamba mgeni wa mahojiano ya mchana ule ni Bi Tulizo mwenyewe, sare zikasahaulika. Mwenye duka la vifaa vya shule akageuza televisheni yake ielekee nje, na wateja wakajipanga barazani kama wanaosubiri kupigwa picha.

Bi Tulizo lilikuwa jina la kwenye tamthilia. Kwa miaka minne, kila Jumapili jioni, watu walimtazama mke huyo akitukanwa na mumewe, akisengenywa na mawifi, akifungiwa mlango nje kwenye mvua, na asubuhi yake akiamka kabla ya wote kuwachemshia chai watu wale wale. Hakuwahi kujibu. Wanaume walisema, huyo sasa ndiye mke. Wanawake walimlilia mpaka macho yakawavimba, na kwenye nasaha za harusi alitajwa kuliko watakatifu. Nyumbani kwao mwigizaji huyo aliitwa Kifungua, maana ndiye aliyetangulia kuzaliwa. Mdogo wake, ambaye ndiye wa mwisho, aliitwa Kitinda.

Mtangazaji alikuwa na suti ya kubana na tabasamu la mtu anayejua atakachouliza.

“Mashabiki wanataka kujua. Nyumbani nako wewe ni Bi Tulizo hivi hivi?”

Kifungua alicheka. “Mimi? Ningekuwa Bi Tulizo, ningeondoka sehemu ya tatu. Tena na birika la chai ningelibeba.”

Barazani watu waliangua kicheko. Mama Sare naye alicheka, mguu ukiwa kwenye pedali.

“Ahaa! Kwa hiyo dada yetu wewe ni feministi?” Mtangazaji aliuliza huku akijivuta nyuma kidogo, kama anayeuliza habari za upele.

“Kama feministi ni mtu anayesema kwamba mwanamke naye akipigwa anaumia, basi ndiyo, mimi ni feministi. Sioni haya.”

Barazani hakucheka mtu.

“Lakini uvumilivu unauigiza vizuri mno! Umejifunzia wapi?”

Kifungua aliitazama mikono yake. Angeweza kumtaja mwelekezi wake, au chuo, au Mungu, na mambo yangeishia hapo. Akasema, “Kwa mama yangu. Ile ya kung’ata ncha ya mtandio ili sauti isitoke sikufundishwa na mtu. Nimemwona akiifanya tangu nina miaka sita. Alikuwa analia huku anakata kitambaa, na kitambaa kinatoka kimenyooka.”

Mguu wa Mama Sare ulisimama. Nyuso zote za barazani ziliiacha televisheni, zikamgeukia yeye.

“Kumbe, Mama Sare...” mmoja alianza, asimalize. Mwingine, ambaye kila mwaka ndiye wa kulalamikia bei, aliuliza haraka haraka sketi ya darasa la kwanza ni kiasi gani, akalipa bila kuomba apunguziwe.

*

Mume wa Mama Sare alikuwa mtunza stoo mstaafu wa karakana ya mabasi, na mtaa mzima ulimwita Mzee wa Stoo. Alikuwa mwenyekiti wa kamati ya maji. Ndiye aliyewasomea barua za serikali watu wasiojiamini kusoma, na ndiye aliyepatanisha ndoa za wengine. Mkono wa kumpigia mkewe alikuwa ameuacha miaka kumi na moja iliyopita. Hakuna aliyewahi kusema kwa nini aliuacha, ila ndio mwaka ule ule ambao Kifungua alianza kuleta pesa nyumbani.

Jioni hiyo aliingia na kofia kichwani, akakaa nayo.

“Mama Watoto, leo nimeingia kwenye kikao, watu wamenyamaza.”

Mama Sare alimsogezea maji ya kunawa.

“Wamenyamaza, unanisikia? Mimi. Halafu katibu ananiuliza kama nataka kuahirisha ajenda. Kwani nimefiwa?”

“Nawa, Baba. Chakula kinapoa.”

“Ulimwambia nini yule mtoto?”

“Sikumwambia kitu. Alikuwa na macho.”

Lilimtoka kabla hajalipima. Mumewe alimtazama, na Mama Sare akainamisha uso kwenye bakuli la maji. Yale maji hakuna aliyeyatumia.

Kufika wiki ya pili, mahojiano yalikuwa yamekatwakatwa. Kipande cha kupigwa na kuumia kilitupwa, na kilichozunguka kwenye simu za watu kilikuwa kile kicheko, kikifuatiwa na “mimi ni feministi, sioni haya.” Wakasema hataki kuolewa. Wakasema analipwa na watu wa nje avunje ndoa za watu. Mwanamuziki mmoja maarufu wa kike, ambaye mwenyewe alikuwa amewaacha waume wawili, alijitokeza kusema kwamba yeye siyo feministi kabisa, yeye anaheshimu wanaume, na akapongezwa sana. Kampuni ya sabuni iliyomtumia Kifungua kwenye mabango ilituma mafundi na ndoo za rangi. Bango la njia panda walianza kulipaka kutoka chini, kwa hiyo kwa siku mbili macho ya Kifungua yalibaki peke yake juu, yakiwatazama wapita njia.

Mama Sare akapata jina jipya. Alipokwenda kununua kitambaa cha bluu, muuzaji alimwita mwenzake: “Njoo umhudumie Mama Feministi!” Walicheka kwa upole, kama watu wasio na nia mbaya, naye akacheka nao na kupokea chenji yake. Mwanamke mmoja alikuja kibandani kuchukua vitambaa vyake bila kushonwa.

“Mimi sina neno na wewe, mama,” alisema akivikunja. “Ni mume wangu ndiye kasema.”

Ni yule yule aliyemwomba mwaka jana amshonee blauzi za mikono mirefu katikati ya joto. Mama Sare alimpima wakati ule, akaona alichokiona mgongoni, asiulize. Alimfungia vitambaa vyake kwenye gazeti.

Lililomkata maini lilikuwa la Kitinda. Kitinda alikuwa anamalizia chuo cha ualimu na alikuwa amechumbiwa na mtu wa heshima, karani wa benki. Mama yake mchumba alikuja na shemeji zake wawili. Walikaa kwenye ncha za viti, na soda waliyofunguliwa ikaisha gesi mbele yao.

“Binti hana kosa,” alisema yule mama. “Tunachotaka kujua tu ni nyumba hii inawafunza nini watoto wa kike. Maana mkubwa tumeshamsikia.”

Mzee wa Stoo alijibu kwamba mambo yatawekwa sawa. Alisema hivyo akimtazama mkewe.

*

Kifungua alifika Jumamosi asubuhi kwa teksi, na miwani myeusi iliyofunika nusu ya uso. Zamani akifika watoto wa mtaa walilikimbilia gari. Safari hii walisimama mbali, wakisukumana. Baba yake alimpita mlangoni na kwenda zake kwenye kamati, ingawa Jumamosi hakukuwa na kamati.

Alimkuta mama yake anapiga pasi.

“Umenivua nguo mbele ya watu,” Mama Sare alisema bila kuinua uso.

“Mama, sikumtaja baba hata mara moja.”

“Nani mwingine alikuwa ananiliza? Cherehani?”

Kifungua alikaribia kucheka, na midomo ya mama yake nayo ilicheza kidogo. Wangecheka pamoja wakati ule, pengine mengi yasingetokea. Pasi ikapita tena juu ya kitambaa.

“Nilidhani utafurahi,” Kifungua alisema taratibu.

“Nifurahi nini?”

“Kwamba kuna mtu alikuona.”

“Miaka yote ile nimejificha nisionekane! Naamka, najipaka poda, nasema nimejigonga kwenye kabati. Kabati, mwanangu! Lile kabati limesingiziwa mpaka limechoka. Halafu wewe unanitoa nje na kuita watu.”

Kitinda, aliyekuwa amesimama mlangoni, alisema, “Dada, omba radhi tu yapite. Wenzako wanaomba.”

“Niombe radhi kwa nani? Watu nimewakosea nini?”

“Umewanyang’anya Bi Tulizo wao.”

Kifungua alivua miwani. Macho yalikuwa mekundu, na chini yake palikuwa na weusi ambao watu wa kumpamba hawakuwepo kuuficha. “Yule mwanamke hayupo, Kitinda. Tunamtengeneza kwenye nyumba ya mbao, kila siku ya kazi, na mvua yake inatoka kwenye mpira. Mimi nipo. Mama yupo.”

Akavaa tena miwani. Aliondoka kabla ya chakula. Mama yake alimtazama kupitia dirisha akiingia kwenye teksi, pasi mkononi, na alipokumbuka kugeuka, shati la mumewe lilikuwa limeungua mgongoni.

*

Wazo la kurekodi sauti na kuisambaza lilikuwa la Mama Pacha, jirani na mwenyekiti wa kikundi cha akina mama. Hakuwa mtu mbaya. Ndiye aliyewahi kumuuguza Mama Sare wiki nzima, na alikuwa anajua habari za kabati kuliko mtu yeyote. Alikuja na simu yake iliyojaa chaji.

“Dakika moja tu, mwenzangu. Unasema wewe ni mama mzazi, hayo mambo hayapo, mtoto amepitiwa. Natuma kwenye kikundi, kesho yameisha. Mtoto mmoja ameshaharibikiwa, hebu mwokoe huyu wa pili.”

Mzee wa Stoo alikuwa kwenye kiti chake, ameshika gazeti. Hakulifungua ukurasa wa pili.

Walirekodi mara tatu. Ya kwanza sauti ilitetemeka, ya pili pikipiki ilipita. Ya tatu ikatoka safi: “Mimi ni mama yake mzazi. Mume wangu hajawahi kuniinulia mkono tangu anioe. Mwanangu amelewa umaarufu, anasema yasiyokuwepo. Naomba mumwombee.” Mwishoni alivuta kamasi, na Mama Pacha akasema hiyo isikatwe, ndiyo nzuri.

Haikufika adhuhuri, ile sauti ilikuwa imerudi kwenye simu ya Mama Sare mwenyewe, imetumwa na mteja wa mbali asiyejua kwamba ni yake, na maneno juu yake: *Sikilizeni uchungu wa mama.*

Siku ile mumewe alikula chakula chote, akaomba aongezewe, na baada ya chai akasema chai ilikuwa nzuri. Jumatatu wakwe watarajiwa wakatuma salamu kwamba mipango iendelee. Vitambaa vya sare vikaanza kurudi kibandani. Hata muuzaji wa vitambaa alimpunguzia bei.

Wakubwa wa tamthilia, ambao mpaka hapo walikuwa wanavutana wamwache Kifungua au wamwondoe, nao walikuwa na simu. Mama yake mwenyewe akishasema ni mwongo, walisema, sisi ni nani? Kifungua alipiga simu siku ya Alhamisi.

“Mama. Ni wewe yule?”

“Ni mimi.”

“Walikulazimisha?”

Mama Sare aliangaza kibandani. Hakukuwa na mtu. Vumbi lilikuwa linaelea kwenye mwanga wa mlango, na hakuna mkono uliokuwa umemshika popote.

“Hapana.”

“Haya, mama,” alisema Kifungua. “Bi Tulizo anakufa. Wamenipa siku moja ya kupigwa picha, ya kufa tu. Baada ya hapo nimemaliza.”

*

Jumapili aliyokufa Bi Tulizo, sebule ya Mama Sare ilijaa saa moja kabla. Televisheni yake ndiyo iliyokuwa kubwa kuliko zote mtaani, Kifungua alikuwa ameinunua, na hakuna aliyeona ajabu kuja kuililia maiti humo. Mama Pacha alikuja na leso mbili. Mama yake mchumba alipewa kiti chenye mto. Yule mwanamke wa blauzi za mikono mirefu alikaa sakafuni karibu na mlango. Mzee wa Stoo alikuwa kwenye kiti chake cha siku zote, na wanawake walimwamkia mmoja mmoja wakiingia.

Bi Tulizo alikuwa na ugonjwa aliouficha miezi mingi asimsumbue mumewe. Kitanda chake kiliwekwa dirishani. Mumewe akaja, amechelewa, akamshika mkono, akaanza kuomba msamaha, naye akatikisa kichwa kumzuia, kama anayesema hakuna deni. Sebuleni mtu wa kwanza alianza kulia hapo.

“Hata kumlaumu hamlaumu!” alisema mama yake mchumba, sauti imekwama. “Mwanamke huyo!”

“Hawazaliwi tena wa namna hii,” Mama Pacha aliitikia. “Wameisha.”

Kisha maumivu yakamjia Bi Tulizo. Akageuza uso ukutani, akavuta ncha ya mtandio, akaing’ata kwa pembe ya mdomo, upande wa kushoto, ambako Mama Sare alikuwa na jino lililovunjika. Mwigizaji mwenyewe alikuwa na meno yote. Alikuwa na siku moja tu ya kazi iliyobaki, angeweza kufa kwa namna yoyote aliyoitaka, na alichagua kufa hivyo.

Mama Sare alimtazama mumewe. Mzee wa Stoo alikuwa anafuta machozi kwa kiganja.

Akasimama.

“Yule ni mimi,” alisema.

Sauti ilipotelea kwenye muziki wa msiba uliokuwa unatoka kwenye televisheni. Akasema tena, kwa nguvu zaidi. “Alichosema mwanangu ni kweli. Nilipigwa, humu humu ndani, na mnajua. Ile sauti nilisema uongo.”

Mwanamke wa mlangoni aligeuza kichwa. Kitinda alisimama. Mzee wa Stoo alibaki na kiganja shavuni. Kwenye kioo jeneza lilikuwa linatolewa nyumbani, na Mama Pacha, machozi yakimchuruzika, macho hayajabanduka kwenye picha, aliinua mkono kumtuliza.

“Mama Sare, tafadhali, mwenzangu. Ngoja kwanza wamzike.”

*

Hakuna anayeweza kusema hakusikia. Walipomaliza kulia walikunja leso zao, wakaaga kwa haraka, na mama yake mchumba akasahau pochi yake ikabidi amtume mtu kuifuata. Mzee wa Stoo alihamishia godoro chumba cha mbele. Hakumgusa mkewe wala hakumtukana. Alianza kula hotelini na kuingia nyumbani kama mpangaji, na kila aliposikia hatua zake kwenye korido, Mama Sare aliacha kupumua mpaka zipite. Alikuwa ameisahau hali hiyo. Mwili haukuwa umeisahau.

Sauti ya pili alirekodi na Kitinda, kwenye simu ya Kitinda.

“Wakwe zako wataondoka,” Mama Sare alimwonya.

“Waondoke kabla sijaingia,” Kitinda alisema, akabonyeza. Aliituma kila mahali ilikokwenda ile ya kwanza. Kwenye kikundi cha akina mama Mama Pacha aliifuta, akaandika kwamba hapo si mahali pa mambo ya ndani ya watu. Kwingine iliishia hapo ilipofika. Ya kwanza iliendelea kuzunguka, na mpaka leo kuna mtu anaisikiliza mahali fulani, anatikisa kichwa kumhurumia mama yule. Karani wa benki alisema anahitaji muda wa kufikiri. Bado anafikiri.

Mwanamke wa mikono mirefu alikuja kibandani asubuhi moja bila kitambaa. Alisimama mlangoni, akauliza bei ya uzi mweupe, akanunua uzi asiouhitaji, akasimama tena. Mama Sare alimsogezea kiti. Alikikalia kama dakika tano hivi, kisha akaondoka. Wiki iliyofuata akaja tena kununua uzi.

Miezi mitatu ikapita ndipo Kifungua alipopiga simu. Mama Sare alikuwa amesikia tu kwamba yuko mji mwingine, kwamba hakuna tamthilia inayomtaka, na kwamba anasoma matangazo ya bei kwenye spika za duka moja kubwa.

“Nimeisikia, mama.”

“Ipi?”

“Ya pili.”

“Watu hawakuisikiliza.”

“Najua.”

Mama Sare alishika gurudumu la cherehani, ingawa lilikuwa limesimama. “Nisamehe, mwanangu.”

Upande wa pili magurudumu ya vitoroli yalipita, mtoto akalilia kitu, mtu akamkataza.

“Umekula, mama?”

“Bado.”

“Kula, basi. Usikae na njaa.”

“Utakuja lini nyumbani?”

“Sijui.” Hakulisema kwa hasira. Alilisema kama mtu ambaye kweli hajui, na hilo ndilo lililomchoma mama yake.

Mtu alimwita huko alikokuwa. Akasema mapumziko yamekwisha, akaiweka simu mezani bila kuikata. Mama Sare aliibana sikioni. Alisikia kitufe kikibonyezwa, kisha ile sauti ambayo watu waliwahi kuililia kila Jumapili ikapanda kwenye spika, laini, pole, haina kinyongo na mtu, ikiwaambia wateja wapendwa kwamba mafuta ya kupikia yameshuka bei. Vitoroli vikaendelea kupita. Mtoto akaendelea kulia. Mama Sare alisikiliza tangazo mpaka mwisho, na liliporudiwa, akasikiliza tena.